Duka la App Linataka Kula Jasho la Sauti ya Mama

Admin, nifiche jina, maana hapa Kibwezi tunajuana. Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, natengeneza app peke yangu nyumbani.

Mama yangu ni mtu wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaochimbiana mitaro ya kuzuia maji shambani kwa zamu. Goti likamharibikia. Kwetu asiyechimba haketi kula na wengine, basi akaanza kujificha. Nikamrekodi akifundisha kilimo kwa Kikamba, nikaweka kwa app. Sasa wanachimba wakimsikiliza kwenye simu, na wamekubaliana sauti yake ihesabiwe kama jembe. Hata huko mbali Zombe wanamsikiliza. Mama alirudi kucheka, jamani.

Masomo mapya yanalipiwa kidogo tu kupitia till yangu, ile namba ya kulipia kwa simu. Juzi duka la app likaniandikia: malipo yote yapitie kwao wakate sehemu yao, la sivyo app inatolewa. Na kwao unalipa kwa kadi ya benki. Nani kati ya hawa akina mama ana kadi? Nikawaeleza, wakanijibu maneno yaleyale. Nilikasirika hadi nikalia. Sikatai, bila hilo duka watu wa Zombe wasingenipata. Lakini haki iko wapi?

Nilipomwambia mama, aliacha kuchagua ndengu.

"Huyo mwenye duka alikuja kuchimba siku gani?"

"Hajawahi, mama."

"Sasa anakula kama nani?"

Rafiki yangu wa Mtito Andei, naye hutengeneza app, akaniambia, "Wewe ficha hiyo button ya till. Wakimaliza kukagua unairudisha. Wasee wengi hufanya hivyo."

Kwa hasira nikafanya hivyo. Leo asubuhi nimewatumia app ikiwa button imefichwa, waikague. Wakigundua, akaunti yangu inafungwa kabisa na app inapotea na kila kitu. Bado naweza kuiondoa kwenye ukaguzi kabla hawajaifungua, lakini basi itabidi malipo yapitie kwao kwa kadi, na hakuna wa kulipa, na kutoa masomo bure siwezi, bando na stima sipewi na mtu.

Sasa hivi mama ananiita kutoka jikoni. Jumanne mwethya inachimba kwetu, anauliza nimemwekea somo gani. Simu inaonyesha bado wanakagua. Kidole changu kiko hapa kwa button ya kuondoa. Ndugu zangu, niambieni haraka, nibonyeze ama niache?