Jicho ya kushoto, nyota ya makala, na opération yenye nilichelewesha

Wakuu, jambo yenu bote. Mi ni Mama Kapinga wa Kapata, huku Kolwezi. Masomo niliachia mu ya ine primaire, basi mukiona makosa muniachilie. Lakini hii ilinifikia mi mwenyewe, siongeze chumvi.

Kuna nyota banaitaka nyota ya kaboni. Kaboni ni ile ya mu makala ya kupikia, mkaa. Inatoshaka moshi ya makala, inajifunika nayo, njo maana iko nyekundu sawa kaa ya moto mu mbabula, jiko yetu ya makala. Miezi ingine inawaka, miezi ingine inafifia.

Marehemu bwana yangu, Kalala, aliniachia jumelle yake ya kazi, ile darubini ya macho mbili.

Kiangazi, jua ikizama tu, natosha kiti nyuma ya nyumba, nageuzia malampe ya mine, kule banachimbaka shaba, mugongo. Napima ile nyekundu na majirani yake mbili nyeupe: nani anashinda kwa kuwaka, kwa hatua ngapi za mwangaza? Naandika mu carnet.

(Nyekundu ukiikazia macho sana inajiongeza. Basi nahesabu mpaka tatu, nashusha jumelle.)

Kila juma natuma kwa tata Mwilambwe wa Likasi. Yeye njo anakusanyaka namba za groupe yetu ya bapima nyota.

Sasa, namba zangu zilikuwa juu ya za bengine siku zote. Tata Mwilambwe akaanza kunicheka:

"Mama Kapinga, ile nyota yako unaikulisha bukari gani, ugali ya namna gani? Yetu iko na njaa!"

Nikacheka pia. Kisha akaandika bila kucheka: mwisho wa kiangazi, namba zenye hazipatane na za benzake atazitosha inje ya liste.

Kiangazi tatu za kazi. Mi najua nilipima vizuri. Lakini nitaonyesha na nini?

Mwezi wa tano docteur akanifanyia opération ya jicho ya kuume, juu ya cataracte, ule ukungu wa mu jicho ya bazee. Ya kushoto akasema nirudi kisha mwezi moja.

Bandage ilipotoka, na docteur aliponiruhusu, nikakamata jumelle. Nikafunga ya kuume, nikaangalia na ya kushoto: nyekundu inashinda. Nikafunga ya kushoto, nikaangalia na ya kuume: nyekundu imeshindwa, na majirani yake yamekuwa meupe sawa kitambaa ya kanisa.

Nikarudilia. Hivyo hivyo. Hatua tatu katikati ya macho mbili za muntu moja.

Ile cataracte ilikuwa njano sawa chai. Ilikuwa inakula mwangaza ya nyeupe, nyekundu inaiachia, njo maana namba zangu zilikuwa juu.

Nikatuma namba za macho yote mbili. Kisha siku mbili tata Mwilambwe akapiga simu:

"Mama, ile jicho ya kushoto isiguswe kwanza! Kama ile hatua tatu haibadilike, tutapunguza tatu mu namba zako za zamani, zitabaki."

Mujukulu wangu Ngalula, mwenye ananipelekaka kwa docteur, alikasirika.

"Kaku, unataka kubaki kipofu juu ya nyota?"

"Hapana. Ni mpaka mwezi wa munane tu. Kisha nyota yenyewe inazama pamoja na jua, haionekane tena."

"Na ukianguka mu mutaro?"

"Utaniokota."

Nikamuuliza docteur mwenyewe. Akasema kungoja haitaharibu kintu, lakini nitembee na fimbo. Nilitembea na fimbo.

Kila jioni nilipima mara mbili, kushoto na kuume. Tatu. Tatu. Siku moja ilikuwa mbili, juu ya vumbi. Tatu.

Mwezi wa munane docteur akatosha cataracte ya jicho ya kushoto. Namba za kiangazi tatu zimebaki mu groupe, na pembeni tata Mwilambwe aliandika: "jicho ya zamani ya Mama Kapinga."

Yenye nimejifunza: muntu akiona tofauti na weye, mbele ya kumuita muongo, uliza anaangalia na nini.

Benye muko bazee humu na munapima nyota nyekundu, mufunge jicho moja, kisha ingine, muniandikie hapa chini hatua ngapi. Mi siwezi tena kujipima. Sasa macho yangu yote mbili yanapatana.