Niliifuta Bendi ya Baba kwa Mkono Wangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana ndugu zangu wamo humu na wanapenda sana kusoma visa vya watu. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini, nina mume na watoto wawili. Ndoa yangu haina shida. Mnaotaka kisa cha mchepuko, piteni tu.

Kwa miaka kadhaa nimejitolea kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuingia akaandika habari za kitu na dunia nzima ikasoma. Nilianza kwa kusahihisha habari za vijiji vyetu, mwisho wenzangu wakanipa usimamizi, yaani naweza kufuta ukurasa wowote. Nakiri, cheo kile kilinipanda kichwani.

Baba yangu yuko Sikonge. Ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyeongoza bendi ya ngoma na tarumbeta ya pale kijijini tangu sijazaliwa. Harusi, sikukuu ya mavuno, misiba, hawakukosa. Hupenda kusema, "Sisi tumezika nusu ya wilaya hii." Nikaiandikia bendi yake ukurasa, nikauprinti steshenari, ukapigwa laminesheni, akautundika sebuleni juu ya redio. Kila mgeni alisomeshwa kwanza ndipo apewe chai. "Binti yangu ndiye anayetunza historia," alikuwa akiwaambia.

Kisha kurasa za bendi zikazidi. Kila kanisa, kila shule, kila kikundi cha skauti chenye ngoma mbili kilitaka kuwamo. Wasimamizi tukajadiliana, na kanuni nikaiandika mimi: bendi itabaki iwapo tu imeandikwa kwenye gazeti au kitabu kisicho chake. Nikaanza kufyeka. Bendi moja yenye sare za kung'aa, iliyoanza juzi tu, ilibaki, kwa sababu ilipiga kwenye uzinduzi wa duka na waandishi wa habari walikuwapo. Bendi ya Kaliua, ambayo umri wake unanizidi, nikaifuta. Nani aliwahi kutuma mwandishi wa habari kwenye msiba wa mkulima wa tumbaku?

Kiongozi wa bendi hiyo, nimwite Mzee K, ni rafiki wa Baba tangu ujana. Walijifunza tarumbeta pamoja, wakaahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atampigia kaburini. Akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kwa upole, "Mwanangu, sisi tumekosa nini? Mbona ya baba yako ipo, kwani yeye gazeti gani limemwandika?"

Nilimwambia, "Mzee, kanuni ni kanuni," nikakata simu nikiwa na aibu yangu. Nikawaza kwamba hata wasimamizi wenzangu wataniuliza hivyo hivyo, wataona napendelea kwetu. Siku hiyo hiyo nikaingia nikaufuta ukurasa wa Baba. Nilijiona mtu wa haki kweli kweli. Hata yeye sikumwambia.

Zikapita wiki chache. Mwinjilisti mmoja mgeni aliisoma ile karatasi sebuleni, akatoa simu ajitafutie mwenyewe, akakuta ukurasa umefutwa. Baba akanipigia.

"Mama, nani katufuta?"

Wapendwa, hapa ndipo nilipojiharibia. Nilisema, "Baba, kuna mtu alilalamika."

"Nani?"

"Wa Kaliua."

Ukilichambua jibu langu neno moja moja utasema sikudanganya. Hicho ndicho kinachonichoma, kwamba nililipanga nikijua litamwangukia nani.

Baba aliishusha ile karatasi, na tangu hapo hataki kusikia jina la Mzee K. Sasa anaumwa, hospitali wameturuhusu tumuuguzie nyumbani, na ametamka mbele yetu sote, "Watu wa Kaliua wasikanyage kwenye mazishi yangu."

Jumamosi iliyopita Mzee K alikuja. Mtu wa umri ule, kabadilisha mabasi kwenye vumbi lote lile, ana mfuko wa karanga mkono mmoja na tarumbeta iliyofungwa kitambaa mkono wa pili. Baba alisikia sauti yake barazani, akaniambia, "Mwambie nimelala," huku amekodoa macho. Nikatoka nikasema hivyo. Mzee aliketi kwenye benchi kama saa nzima, pengine mwenzake angeamka. Alipoinuka akaniambia, "Mimi sikuomba ya kwenu ifutwe, mwanangu. Niliomba yetu irudishwe."

Akaongeza, "Aliyefuta, jina lake limeandikwa pale pale mtandaoni, kwenye orodha ya zilizofutwa. Nimeliona. Baba yako hatalisikia kutoka kwangu."

Aliacha karanga, akaondoka na tarumbeta yake. Jioni Baba alitafuna mbili tatu, akasema ni tamu, akauliza nimezinunua wapi. Nikasema sokoni.

Siombi mnihurumie. Na msinifundishe habari za kanuni, kanuni niliiandika mwenyewe. Kuurudisha ule ukurasa ni kazi ya dakika moja, lakini hautamfanya Baba amfungulie Mzee K mlango. Nikisema ukweli, Baba ataondoka duniani akijua kwamba aliyemfuta ni yule binti aliyemsifia kwa kila mgeni. Nikinyamaza, mtu aliyewapigia wengine wote tarumbeta atazikwa bila ile aliyoahidiwa, na rafiki yake atabaki Kaliua na lawama yangu.

Siku zake si nyingi, tunaona wenyewe. Kesho nakwenda Sikonge. Ninyi mnaojua kuongea na wazazi, hebu nipeni hata sentensi ya kwanza tu: nikishamwambia shikamoo Baba, nianze vipi?