Salamu Niliyoiacha Shambani

Asubuhi ya siku uliyozaliwa naikumbuka yote, mwanangu, hata harufu ya udongo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku tatu mfululizo, na wewe unaijua mbuga yetu ya Kishapu: ikilowa, ule udongo mweusi unanata kama ugali mbichi. Bodaboda tuliyemwita aligoma kuja. Basi nikafunga maksai wetu wawili kwenye mkokoteni, nikatandika magunia, mama yako akalala juu yake. Bibi yako akakaa kando, amemshika mkono. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri, na bibi yako alishaninong'oneza kwamba mtoto hajakaa vizuri. Zahanati ilikuwa mbali.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye aibu. Usinicheke. Nilikuwa naweza kuzunguka nyuma ya kijiji ili tu nisikutane na watu waliokaa nje wakipumzika. Sikuwa na dharau. Sauti ilikuwa inanikwama kooni. Lakini watu hawaoni kilichokukwama kooni, wanaona umepita kimya.

Tulipovuka kijiji cha tatu, tukamkuta mzee mmoja akilima kando ya njia. Mkewe alikuwa mbele akiongoza maksai, yeye ameshika plau. Hatukuwajua. Mzee akasimamisha maksai wake, akainua mkono.

"Mwangaluka!"

Fikiria, mwanangu. Mzee ndiye aliyeanza kunisalimia, wakati mimi kijana ndiye niliyepaswa kuanza. Nikatazama kwato za ng'ombe wangu, nikapita.

"Husikii unasalimiwa?" bibi yako akanigombeza.

"Tumechelewa, mama."

Nilidanganya. Salamu ningeitoa huku ninatembea.

Hatukufika mbali. Maksai wa kulia akaingiza mguu kwenye shimo lililofunikwa na maji, akapiga magoti. Alipoinuka, mguu mmoja wa mbele haukugusa chini. Nikamvuta, nikamsukuma, nikambembeleza. Mama yako akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

"Rudi kawaite wale wazee!" bibi yako akasema.

Nikabaki nimeshika nira. Ningewaambia nini watu niliowapita kama visiki?

"Mdomo wako umeuacha wapi leo? Mke wako anakufa hapa, wewe unaona aibu!"

Nilipogeuka, mzee alikuwa tayari njiani anakuja, suruali imekunjwa hadi magotini, na nyuma yake anamvuta maksai mmoja. Nikangoja anitukane. Akasimama mbele yangu, matope hadi kwenye ndevu, akasema kwa upole kabisa:

"Kijana, uliisahau salamu yako kule shambani. Nimekuletea. Mwangaluka."

Machozi yakanitoka. "Mwangaluka, baba."

"Kumbe sauti unayo! Haya, mfungue huyo mgonjwa. Huyu wangu anaitwa Fundi, amezoea upande wa kulia."

Mkewe naye akafika. Akamchungulia mama yako, akavua kanga yake ya juu, akamfunika. Kisha akanigeukia. "Na wewe, baba mtarajiwa, acha kulia, utaongeza matope."

Hata mama yako alicheka, katikati ya maumivu yale.

Bibi yako akauliza, "Baba, hutujui hata majina. Tukipotea na ng'ombe wako?"

"Si mnaniachia wenu? Ana miguu mitatu mizima. Nendeni."

Wewe unajua maksai ni nini kwetu, mwanangu. Na unajua kwamba siku za mvua ya kwanza hazirudi; usipolima ardhi ikiwa laini, umepoteza. Nilipotazama nyuma, niliiona plau yao imelala kwenye mfuo, nusu ya shamba ikiwa haijaguswa. Maksai mmoja halimi peke yake.

Fundi alituvuta hadi mlangoni mwa zahanati. Ulizaliwa muda mfupi baadaye, umetanguliza miguu, na mama yako akapoteza damu nyingi. Muuguzi aliniambia kwamba tungechelewa zaidi kidogo, angekuwa ananipa maneno mengine.

Kesho yake nilimrudisha Fundi. Kwa mbali niliwaona wale wazee wawili wameinama, wanalima kwa jembe la mkono mahali ambapo plau ilikuwa imeishia. Maksai wangu alikuwa amefungwa kivulini, mguu umezungushiwa kitambaa na majani. Sikungoja nifike. Nilipiga kelele nikiwa bado njiani:

"Mwangaluka, baba! Mwangaluka, mama! Ni wa kike!"

Kunguru waliruka wote shambani. Mzee akajishika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile nilishika plau hadi jua likazama, na nikarudi siku iliyofuata.

Nakuandikia haya kutoka Geita, ninakofanya kazi ya kusaga mawe ya dhahabu pamoja na watu waliotoka kila upande, ambao nilipofika sikumjua hata mmoja. Bibi yako ameniambia kwamba wageni wakija unajificha nyuma ya gauni la mama yako. Najua aibu hiyo umeirithi kwangu. Sikulaumu.

Ila nakuomba hivi. Toa salamu yako hata kama sauti inatetemeka, hata kama ni ndogo kama ya kifaranga. Unayempita njiani humjui, naye hakujui, lakini huenda yeye ndiye atakayeacha shamba lake kwa ajili yako. Na wewe ukimwona mtu amekwama, usingoje akuite. Huenda naye ana aibu kama baba yako. Mfuate, na usimfanye ajione mdogo kwa kusaidiwa.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe njia kavu, na ukikwama kwenye tope akupe watu kama wale. Na siku wao wakikwama, wakukute wewe njiani.