Karai la Makaa Juu ya Themista

Siku ya kwanza kazini nilifika na cheti cha kidato cha nne mkononi na mtoto mgongoni. Fundi Mkuu hakuangalia cheti. Aliangalia mtoto.

"Na huyu ni fundi wa nini?"

"Wa kunyonya."

Akacheka, akanipa mita ya kupimia umeme nishike. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi wa mitambo ya baridi, katika kituo hapa Isiolo kinachokusanya maziwa ya ngamia kabla hayajapelekwa Nairobi. Siku hizi sifanyi tena pale. Nawaandikia nyinyi mnaotoka shule mkiitaka kazi hii.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni themista. Ni ndogo kama punje ya pilipili manga, ina nyaya mbili, inakaa kwenye mfuko wa chuma chini ya tangi. Ikiwa kwenye baridi inabana umeme. Ikipata joto inauachilia upite. Kidhibiti kinasoma hapo maziwa yako digrii ngapi, kisha kinaamua kompresa iwake au izime. Kuipima, ichovye kwenye kikombe cha barafu inayoyeyuka. Kidhibiti lazima kisome sifuri. Lakini themista ikiungua, inaweza kubana umeme hata kwenye joto. Kidhibiti kinaona baridi ambayo haipo, kompresa inazima, maziwa yanachacha huku namba ikisema kila kitu kiko sawa.

Mnajua wateja wetu wanapenda maziwa yenye harufu ya moshi. Akina mama hufukiza vyombo vyao kwa kijinga cha moto kabla ya kukamulia. Meneja akataka moshi zaidi, akaamuru tangi lenyewe lifukizwe, makaa yawekwe ndani kwenye karai. Muosha tangi, Mama Qabale, akafanya alivyoambiwa. Karai likakaa moja kwa moja juu ya ule mfuko wa themista.

Haikupita wiki, maziwa yakaanza kuchacha. Namba inasema nne, baridi ile ile tunayoitaka. Meneja akasema shida ni maziwa ya wanawake wa kijiji cha Biliqo, yanatoka mbali sana. "Kesho Biliqo tunakata." Wale wanawake hawakuwa na mnunuzi mwingine, na yeye alijua.

Nikachomoa themista, nikaichovya kwenye barafu. Kidhibiti kikasoma digrii kumi chini ya sifuri. Nikamwonyesha Fundi Mkuu.

"Najua," akasema polepole. "Nilimwambia bosi asiweke makaa humo. Tubadilishe, tunyamaze. Nina watoto chuoni."

"Na Biliqo?"

"Biliqo watajipanga."

Mpaka leo nikikumbuka neno hilo nachemka. Na nilimpenda yule mzee, msinielewe vibaya.

Asubuhi wanawake wa Biliqo walikuwa getini na vyombo vyao. Kiongozi wao, Mama Tume, akasimama mbele.

"Salaam aleikum. Tunasikia sisi ndio tunaleta uchafu."

"Si uchafu, mama," Meneja akasema. "Ni umbali."

"Ni karai lako, bosi," nikasema.

"Wewe kazi yako ni vyuma!"

"Ndiyo. Na hiki chuma umekiunguza."

Nikaleta kikombe cha barafu, nikaichovya themista mbele yao wote, nikawaeleza. Mama Tume akatazama namba, akatazama barafu ikiyeyuka.

"Walahi, hii barafu imetoka juu ya Mlima Kenya?"

Wakaangua kicheko. Meneja hakucheka. Akatazama vyombo, akatazama jua linavyopanda. "Pimeni maziwa yao," akasema. "Yakiwa mazima, pokeeni." Yalikuwa mazima.

Ijumaa Meneja akaniita. "Hapa si nasari. Usirudi na mtoto." Miezi yote ile mtoto alilala pembeni ya meza ya vipuri na hakumsumbua mtu, wala sikuwa na wa kumwachia. Fundi Mkuu alikuwa karibu, anakaza skrubu ambayo nilikuwa nimeshaikaza mimi.

Wengine hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nilistaafu nikinyonyesha. Sasa natengeneza friji za mabucha, na nikiinamia kazi namfikiria sana yule mzee. Kila ninachojua alinipa yeye, isipokuwa kile kinywa cha kumjibu bosi siku ile. Labda nami ningekuwa na watoto chuoni ningekaza skrubu. Sijui. Najua tu kwamba nilikasirika, na Biliqo bado wanaleta maziwa.

Tangi bado linafukizwa. Nasikia siku hizi themista hutolewa kwanza, na wasichana wapya hawaambiwi kwa nini. Sasa mmeambiwa.