Nilivyomwokoa Dume la Tangini

Nakiri mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa wapishi wetu. Madam Achieng, meneja wa hoteli ninayofanyia kazi hapa Juba, alileta kutoka Nairobi jozi ya sikilidi wadogo, samaki wa mapambo, akaniachia tangi lao. Alitamani sana wazaane. Nikawapangia mchanga, majani, na kifuu cha nazi cha kujifichia.

Juzi jike akageuka manjano, akakaa mlangoni mwa kifuu, akawa anamng'ata dume kila aliposogea. Maskini akajibanza nyuma ya pampu ya hewa. Sasa mimi ni mzee wa kanisa kule Gurei, na nimesuluhisha ndoa nyingi. Kesi hii niliiona nyepesi: mke mkali arudi kwao apoe. Nikamhamishia jike kwenye ndoo, nikampa dume pole na chakula. Chakula hakukigusa. Aliingia kifuuni, nikasema kimoyomoyo, pumzika, ndugu yangu.

Asubuhi Madam akaja na wageni kuwaonyesha samaki wake.

"Mzee Lado, mama yuko wapi?"

"Kwenye ndoo, Madam. Alikuwa anampiga bwana yake, nikaokoa ndoa."

"Alikuwa manjano?"

"Manjano kabisa!"

"Mzee! Hiyo ni rangi ya kulinda mayai. Alikuwa anamfukuza baba asiyale."

Akainua kifuu. Ndani palikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Sote tukamgeukia dume, tumbo limemvimba, anaelea kwa raha.

Mpishi mmoja, aliyekuwa akichungulia nyuma ya wageni, akakohoa. "Na huyu, mzee, tumpe pole tena?"