Jiwe la Mlowezi Njia ya Quakers Hill

Kasoki hakuwa mtu wa kuamini upesi. Daktari akimpa dawa, alisoma karatasi yake mpaka mwisho. Mchungaji akihubiri kwa Zoom, alitaka kwanza kujua ni nani mwingine yumo chumbani. Mimi Verdiane, jirani yake hapa Doonside, mtaa wetu wa ugenini, nilimcheka sana. Lakini alipoanza kumshuku mumewe sikucheka, nilichochea moto. Mungu anisamehe.

Ilikuwa Agosti 2021. Tulikuwa tumefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, helikopta ya polisi juu ya mapaa, ruhusa ya kunyoosha miguu kidogo tu. Kasoki aliendelea na kazi kwenye nyumba ya wazee. Gratien, mumewe, alikuwa amesimamishwa kazi ghalani, na kila asubuhi alitoka na chupa mbili za maji na kitambaa mfukoni.

"Anasema ni exercise," Kasoki aliniambia kwenye uzio. "Exercise gani ya kitambaa? Na anarudiaka na udongo kwa makucha."

"Mama Destin, dalili ya mvua ni mawingu," nikamjibu. "Mwanaume akitoka na maji, kuna bustani anamwagilia."

Destin alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa wakikimbia vita Kongo mwaka 2008, hajatimiza miaka miwili. Siku hiyo Kasoki alikuwa na homa kali, watu wakampakia kwenye baiskeli wakatangulia naye. Gratien alibaki na maiti. Alipomfikia mkewe alimwambia kwamba mapadri wamemzika mtoto misheni, na msalaba wenye jina. Huo msalaba ndio kitu pekee ambacho sikuwahi kumsikia Kasoki akikitilia shaka.

Siku ya mapumziko ya Kasoki tulivaa barakoa tukamfuata Gratien, tukiacha nyumba nne kati yetu naye. Kila mlango aliokaribia mumewe, Kasoki alinibana mkono. Hakuingia popote. Alishika barabara ya kwenda Quakers Hill, akapiga magoti kando yake, kwenye jiwe lenye kibao cha shaba. Aling'oa nyasi kwa mkono, bila jembe, kama tunavyopalilia makaburi kwetu. Kisha akaosha kile kibao.

Nilikisoma. Kilimsifu Elias Thorpe, mlowezi wa zamani, aliyejenga nyumba yake hapo. Waliokuwepo kabla yake hawakutajwa. Na halikuwa hata kaburi.

"Huyu ni nani yako?" Kasoki aliuliza.

Gratien aliruka kwa mshtuko. "Simujui."

"Unamuoshea nini sasa?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua.

"Wamemuwekea jiwe kwa njia," alisema. "Jina, mwaka, yote. Mama Destin, misheni hatukufikaka. Walikuwa wanapiga masasi. Nilimuzika kwa njia, na mikono. Hakuna hata jiwe."

Nilitamani ardhi inimeze. Kasoki hakupiga yowe. Magari yalipita, na dereva mmoja akatupigia honi kwa kusimama watatu pamoja.

"Upande gani wa njia?" aliuliza mwishowe.

"Kuume. Karibu na daraja."

Kasoki alimkazia macho yale yale aliyosomea karatasi ya dawa. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameuombea msalaba usiokuwepo. Sasa alikuwa amepewa daraja, na niliona wazi kwamba hata hilo hakuliamini.