Nilivyomfukuzia Mama Daforoza Furukombe Wake

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba kimya tangu baridi ile ya Durban, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mama Daforoza, jirani yangu pale Greyville, Mrundi wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, alikuwa anahamia Kanada Ijumaa, na kabla ya kwenda alitaka kitu kimoja tu: amsikie furukombe, yule tai mla samaki aliyekuwa akiwaamsha kule ziwani kabla vita havijawafukuza. Nikamwambia aniachie mimi (ndege nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, nikajiona profesa).

Asubuhi akatokea na kitenge chekundu, kile cha harusi. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba ndege huogopa rangi kali, basi nikamvika koti langu la kijivu, nikabaki na shati.

"Utakufa na baridi, mwanangu. Kitenge iko na kosa gani?"

"Usijali, mama. Na tafadhali, tusiongee."

Tukafika kwenye hifadhi ya mabwawa, tukapita juu ya njia ya mbao katikati ya matete, wazungu na darubini zao wametulia kama wako kanisani, meno yangu yakigongana, mpaka Mama akanibana mkono: "Iko pale!" Kweli, furukombe katua juu ya mti mkavu, kichwa cheupe, anainua shingo ili alie, nami nikapiga chafya. Si chafya ya kistaarabu. Ndege wote wakaruka, furukombe wa kwanza, na mimi katika kurudi nyuma kwa aibu nikakosa ubao, nikazama kwenye tope hadi kiunoni. Mama akavua koti, akafungua kitenge, akanivuta nacho (ndani alivaa gauni, msiwaze mabaya), wazungu wakitunyamazisha, "Shhh!"

Tulingoja sana. Furukombe hakurudi.

Kwenye teksi, yaani daladala za kule, nikinuka tope, Mama akaniambia taratibu, "Wewe umesoma ndege. Hebu lia kama yeye, mara moja tu, nisikie."

Nilijua sitaweza kuiga sawasawa, nikasema sijui. Basi akainua kichwa akajaribu mwenyewe, sauti ikakatika, abiria wakaangua kicheko, dereva akasema, "Eish, mama!" na mimi nikageukia dirishani kama mtu asiyemfahamu.

Ijumaa akaondoka.

Siku hizi nikiwa peke yangu chumbani huijaribu ile sauti, inatoka vibaya, kama bawaba isiyotiwa mafuta, lakini nimeapa: nikiombwa tena, popote, mbele ya yeyote, nitalia. Mama ingemtosha hata hiyo.